Navaratri: Mausiku Tisa ya Mama Mjini Kisumu

Utangulizi

Kila mwaka, baina ya mwisho wa Septemba na mwisho wa Oktoba, kumbi za jumuiya za Kihindu na viwanja vya mahekalu mjini Kisumu huwa na shughuli kwa mausiku tisa mfululizo. Mlio wa ngoma huanza baada ya maduka kufungwa na huendelea hadi usiku kukolea. Mpita njia huusikia, huona taa za rangi juu ya ukuta na magari yaliyopangwa kandokando ya barabara, na akiulizwa kuna nini hujibu kwamba Wahindi wana harusi, au wana disko lao. Hana nia mbaya anapojibu hivyo. Ni mtu ambaye hajapata kuelezwa. Makala haya yanakusudia kutoa maelezo hayo kwa Kiswahili: sikukuu hii ni ipi, kwa nini huadhimishwa usiku, na waumini wanaoizunguka taa wanaamini wanafanya nini.

Ipo sababu ya kulileta suala hili mbele ya wanafunzi na wahadhiri wa Kiswahili badala ya kuwaachia wataalamu wa dini. Lugha yetu imeishi na wasemaji wa Kigujarati na Kihindi kwa karne kadhaa. Imechota kwao gari, bima, laki, hundi na chapati. Ukiyatazama maneno hayo utaona kwamba ni ya sokoni, ofisini, barabarani na jikoni. Ya hekaluni hatukuyachukua. Matokeo yake ni kwamba msemaji wa Kiswahili anayetaka kueleza ibada ya jirani yake Mhindu hujikuta akiazima msamiati wa lawama: masanamu, mizimu, upagani. Je, lugha inaweza kuwa ya Afrika Mashariki nzima ikiwa haiwezi kuwataja baadhi ya raia wake ila kwa bei au kwa tusi?

Mhindi na Mhindu

Yafaa kwanza tutofautishe maneno mawili ambayo hata magazetini huchanganywa. Mhindi ni mtu mwenye asili ya Bara Hindi, dini yake iwayo yote. Anaweza kuwa Mwislamu wa Ismailia au wa Bohora, Kalasinga, Mjaini, au Mkatoliki wa Goa. Mhindu ni mfuasi wa dini ya Kihindu. Pwani lilikuwapo pia neno Baniani, nalo limehifadhiwa katika methali tuijuayo sote, “Baniani mbaya, kiatu chake dawa.” Methali hiyo inakiri manufaa ya mtu na papo hapo inakataa undugu wake. Ni muhtasari mzuri, na wa kusikitisha kidogo, wa uhusiano tunaouzungumzia.

Kisumu ni mji uliozaliwa na reli. Ujenzi ulioanzia Mombasa mwaka 1896 ulifika ufukweni mwa ziwa mwezi Desemba 1901, mahali palipoitwa Port Florence. Vibarua wapatao 32,000 waliletwa kutoka Bara Hindi, wengi wao wakiwa watu wa Punjab. Karibu 2,500 walikufa kazini, na takriban 6,700 walibaki baada ya mikataba yao kwisha. Hata hivyo, si wao walioipa Navaratri ya Kisumu sura yake. Sura hiyo ililetwa na wafanyabiashara wa Kigujarati walioifuata reli, wakafungua maduka katika mji na katika vituo vya pembezoni, na baadaye wakaingia katika kilimo na viwanda vya sukari vya uwanda wa Nyando. Ndiyo maana tunaposema Navaratri hapa Kisumu tunazungumzia hasa desturi ya Gujarat. Bengali wana namna yao, ambapo kinyago kikubwa cha udongo cha Mama huabudiwa na hatimaye kutoswa majini. Kaskazini mwa India huigizwa vita vya Rama na Ravana. Kusini hupangwa vikaragosi kwenye ngazi. Hatutayafuata yote hayo.

Kuhesabu kwa mausiku

Navaratri ni neno la Kisanskriti: nava ni tisa, ratri ni usiku. Mfasiri wa Kiswahili anakwama hapohapo, maana usiku ni nomino isiyokubali wingi kwa urahisi. Baadhi ya kamusi huupa wingi wa siku, na hivyo kuufanya usiku na mchana wake vitu visivyotofautishika. Hadithi mashuhuri za Alfu Lela Ulela zilipofasiriwa kwa Kiswahili ziliitwa pia siku elfu na moja, ilhali lela ya Kiarabu ni usiku. Kwa kawaida hasara hiyo si kubwa. Katika Navaratri ni hasara ya kiini chenyewe, na kwa hiyo tumechagua mausiku, neno ambalo watu hulitumia katika mazungumzo hata kama wasahihishaji hulikunjia uso.

Mausiku haya huanza mara baada ya mwezi kuandama katika mwezi wa Kihindu uitwao Ashvin, na huenda na mwezi unavyokua. Mwaka 2023 yalianza tarehe 15 Oktoba, mwaka 2024 tarehe 3 Oktoba, na mwaka 2025 tarehe 22 Septemba. Msomaji aliyezoea kalenda ya Kiislamu atatambua kurudi nyuma huko kwa siku kumi na moja au kumi na mbili. Tofauti ni kwamba Wahindu huongeza mwezi mzima wa ziada kila baada ya miezi thelathini na kitu, ili sikukuu isitoke katika msimu wake. Msimu wenyewe ni ule wa kwisha kwa mvua kubwa za India, mavuno yanapokaribia. Huku kwetu, kinyume chake, ndio wakati wa kuzingojea mvua za vuli. Wahindu wa Kisumu wanaadhimisha mwisho wa mvua huku mawingu ya ziwa yakijikusanya juu ya vichwa vyao, na watayarishaji wenye busara hawakosi ukumbi wenye paa.

Lakini kwa nini usiku? Jibu la haraka ni kwamba usiku ni giza, giza ni ujinga na uovu, na taa ni ushindi juu yake. Jibu hilo ni la kweli, nalo laifaa zaidi Diwali, sikukuu ya taa inayofuata majuma machache baadaye. Kwa Navaratri halitoshi. Katika Rigveda, mkusanyiko wa kale kabisa wa nyimbo takatifu za Kihindu, umo wimbo unaomsifu Usiku mwenyewe, Ratri, kama mlinzi anayewafikisha viumbe salama hadi alfajiri. Na katika maumbo tisa ya Mama yanayokumbukwa katika mausiku haya, la saba huitwa Kalaratri, ambalo twaweza kulifasiri kuwa Usiku Mweusi. Umbo la kutisha kwa sura, lakini linaloaminika kuwaletea heri wamchao. Kwa hiyo usiku si adui wa Mama. Usiku ni Mama katika mojawapo ya sura zake. Anayekesha haufukuzi usiku, bali hukaa ndani yake kama mtoto akaavyo tumboni.

Ni dhana ngumu kwa masikio ya ufukwe huu. Kwa Waluo, mtu anayetoka usiku wa manane na kucheza nje ya nyumba za watu huitwa jajuok, na hakuna anayependa jina hilo. Waswahili nao wana mwanga, mchawi atembeaye usiku, ambaye kwa mzaha wa lugha anashiriki jina na nuru. Ngoma ya usiku, basi, huanza na shaka hata kabla haijaelezwa. Lakini uko upande mwingine wa maisha ya ziwa unaoweza kutusaidia. Wavuvi wa omena hufanya kazi yao usiku wa giza. Mwezi ukiwa haupo, huingia ziwani na karabai, na siku hizi taa za betri na za jua, wakaziwasha juu ya maji. Samaki hao wadogo hukusanyika kuuzunguka mwangaza. Ndiyo kusema kwamba mausiku ya kwanza ya Navaratri, mwezi ukiwa bado uzi mwembamba unaotua mapema, huangukia katika mausiku mazuri ya omena. Ukisimama Dunga utauona mstari wa taa majini wakati ambapo mjini nako watu wanaizunguka taa yao. Mfano una mpaka wake, bila shaka: mvuvi huwasha taa ili anase, na mfungaji wa Navaratri hataonja samaki.

Mama na nyati

Kisa kinachobeba sikukuu kimo katika Devi Mahatmya, sehemu ya Markandeya Purana ambayo kwa hesabu ya kimapokeo ina beti 700 katika sura 13. Jitu liitwalo Mahishasura, lenye umbo la nyati, liliwashinda miungu na kuwafukuza mbinguni. Masimulizi huongeza kwamba lilikuwa limejitesa kwa ibada kali hata likapewa ahadi kuwa hakuna mwanamume, awe mtu au mungu, atakayeliua. Halikuomba kinga dhidi ya mwanamke, kwa kuwa halikudhani kwamba mwanamke ni tishio. Ghadhabu za miungu zikatoka miilini mwao kama nuru, nuru zikakusanyika, zikawa mwanamke mmoja. Shiva akampa mkuki wenye ncha tatu, Vishnu akampa gurudumu lake la vita, mlima Himalaya ukampa simba wa kumpanda. Katika pambano nyati aligeuka simba, akageuka mtu, akageuka tembo, akarudi kuwa nyati. Mama akamkanyaga, na jitu lilipokuwa likichomoza nusu mwili kutoka katika kinywa cha nyati, akalikata kichwa.

Waalimu wa Kihindu hulisoma jitu hilo kama nafsi ya mtu mwenyewe: kiburi kinachobadilisha umbo kila kinapobanwa. Leo ni hasira, kesho ni uvivu, kesho kutwa ni majivuno ya kuishinda hasira. Haliuawi kwa pigo moja, ndipo mausiku yakawa tisa. Mpangilio mmoja unaopendwa huyagawa matatu matatu. Ya kwanza ni ya Durga, ambaye huvunja. Ya kati ni ya Lakshmi, ambaye hujaza neema palipofagiliwa. Ya mwisho ni ya Saraswati, bibi wa elimu, lugha na muziki. Mpangilio huo una hoja ndani yake: elimu huja mwisho, baada ya kiburi kuondoka, na sijui kama vyuo vyetu huifuata taratibu hiyo.

Hapa mfasiri wa Kisumu ajihadhari na nyati. Kwa Waluo, nyati ni jowi, na jowi ni sifa ya shujaa. Mwezi Oktoba 2025, wakati wa mazishi ya Raila Odinga, umati wa Kisumu na Bondo ulipiga ukelele wa “Jowi! Jowi!” kwa heshima ya aliyeondoka. Ukimwambia msikilizaji wa hapa kwamba Mama wa Wahindu humwua nyati, bila kueleza nyati huyo anasimamia nini, umemweleza kitu kingine kabisa. Neno moja, mnyama mmoja, tamaduni mbili.

Chungu chenye taa

Kitovu cha maadhimisho ya Kigujarati si ukumbi wala mavazi. Ni chungu kidogo cha udongo kilichotobolewa vitundu, ndani yake mkiwa na taa ya mafuta au ya samli. Chungu hicho huitwa garbo, na ngoma inayochezwa kukizunguka huitwa garba. Yote mawili yanatokana na garbha ya Kisanskriti, yaani tumbo la uzazi. Taa iliyo ndani ya chungu ni uhai ulio ndani ya mimba, na pia ni Mungu aliye ndani ya mwili. Chungu hufinyangwa kwa udongo na kitavunjika, nuru haikufinyangwa. Nchi ya Nyanza ina mafundi wa vyungu tangu zamani, agulu na dapi vikiwa vyombo vya kila nyumba, na pengine hakuna ishara ya Kihindu ambayo mwanamke mzee wa pande hizi angeielewa upesi kuliko hii.

Katika nyumba nyingi hupandwa pia mbegu za nafaka katika udongo siku ya kwanza, zikanyunyiziwa maji hadi mwisho. Watu hufunga, ingawa si kwa namna ya Ramadhani. Wengine hula mlo mmoja kwa siku, wengine matunda na maziwa tu. Walio wengi huacha nafaka na nyama, wakatumia viazi, karanga, na chembe za wanga wa muhogo zipikwazo kama uji au kukaangwa. Navaratri haina likizo. Sheria ya Kenya inawatambulia Wahindu Diwali pekee. Mfungaji huamka, hufungua duka, hupima misumari na kukata risiti, na jioni ndipo huoga na kwenda kwa Mama.

Huko hufanyika kwanza au mwishoni ibada ya aarti. Sinia lenye taa na kafuri inayowaka huzungushwa mbele ya Mama, watu wakiimba kwa pamoja. Kisha hupitishwa, kila mmoja akapitisha viganja juu ya moto na kuvigusisha usoni. Msomaji wa pwani atashtuka kusikia kafuri, kwa kuwa kwetu ina harufu ya sanda. Wahindu huipendea jambo moja: huungua yote bila kuacha jivu, kama wanavyotaka ubinafsi uungue. Baadaye hugawanywa vyakula vilivyowekwa mbele ya Mama, navyo hupokelewa kwa mkono wa kulia kama mtu apokeavyo tabaruku.

Halafu huja garba. Zamani ilikuwa ya wanawake. Sasa wanaume nao huingia. Wachezaji huizunguka taa kwa duara, na wakizidi duara huwa mbili au tatu, moja ndani ya nyingine. Huinama, hupiga makofi mawili au matatu, huinuka, hugeuka, husogea. Mwendo huanza polepole na kuzidi kasi. Watoto hujifunza kwa kukanyagwa. Kinachozunguka ni maisha, kuzaliwa na kufa na kuzaliwa tena; kisichozunguka ni nuru iliyo katikati. Baadaye huchezwa ngoma ya vijiti, ambavyo husemwa kuwa panga za Mama.

Ni sahihi, basi, kuiita ngoma? Wapo Wahindu ambao wangeona neno hilo linawashusha, na wapo wenzetu ambao wangependelea densi. Nadhani ngoma ndilo neno bora tulilo nalo. Katika Kiswahili ngoma haijapata kuwa burudani tu. Ni chombo, ni uchezaji, na ni kusanyiko lenye kazi ya kufanya: kumfunda mwali, kumtuliza mwenye pepo, kumwoza bibi arusi. Garba ni ngoma kwa maana hiyo kamili. Neno disko ndilo linaloidhulumu, ingawa lazima tukiri kwamba vipaza sauti na nyimbo za sinema zimelipa neno hilo ushahidi wa kutosha. Mwezi Desemba 2023 UNESCO iliiingiza garba ya Gujarat katika orodha ya urithi wa utamaduni usioshikika, katika kikao kilichofanyika Kasane, Botswana.

Kuhusu Mama, tatizo ni zito zaidi. Tukisema mungu mke tunampa mume asiyehitajika katika kisa hiki. Tukisema miungu tunamkosea muumini anayesisitiza kwamba Aliyeko ni mmoja na majina ndiyo mengi. Waumini wenyewe humwita Ma, au Mataji. Mama latosha. Vivyo hivyo murti, umbo linaloabudiwa, afadhali iitwe murti kuliko sanamu, kwa kuwa mwenye kuiabudu haamini kwamba anaabudu jiwe. Anaamini kwamba aliyealikwa amekuja. Wala Wahindu wote hawakubaliani juu ya hilo. Arya Samaj, vuguvugu lililofika Nairobi mwaka 1903, hukataa murti kabisa. Mwanzilishi wake, Dayananda Saraswati, anasimuliwa kuwa alipokuwa kijana alikesha usiku wa Shiva, akaona panya wakipanda juu ya umbo na kula sadaka, akaanza kuuliza maswali. Hata mkosoaji huyo alipata mwanga wake kwa kukesha.

Ng'ambo ya ukuta

Sensa ya mwaka 2019 ilihesabu Wahindu 60,287 katika Kenya nzima. Ni wachache, na wengi hukaa nyuma ya ukuta. Ukuta huo una historia. Serikali ya kikoloni iliigawa miji kwa rangi, na Kisumu haikusalimika: mitaa, shule na hospitali zilitengwa kwa Wazungu, Wahindi na Waafrika. Baada ya uhuru mpaka wa sheria uliondoka, mpaka wa mazoea ukabaki. Kisha yakaja machafuko ya baada ya uchaguzi wa Desemba 2007, maduka mengi ya katikati ya mji yakaporwa na kuchomwa, na malango yakaongezwa vyuma. Mwaka 2017 serikali iliwatambua Wakenya wenye asili ya Asia kuwa kabila la 44. Hatua hiyo ilikuwa ya heshima, lakini tangazo halifungui lango. Ajabu ni kwamba mausiku haya tisa, kwa asili yake, ni ya uani na uwanjani, mahali ambapo mgeni angeweza kusimama pembeni na kutazama.

Kafyu ya wakati wa korona ilikuwa mtihani wa pekee kwa sikukuu ya usiku. Ilianza tarehe 27 Machi 2020 na kuondolewa tarehe 20 Oktoba 2021, hivyo ikayafunika mausiku tisa ya miaka miwili. Mwaka 2021 siku ya kumi iliangukia tarehe 15 Oktoba. Amri ikaondolewa siku tano baadaye. Kilichobaki kwa waumini katika miaka hiyo ni kile ambacho ibada haiwezi kukikosa: chungu, utambi, mafuta, na watu wa nyumba moja.

Baada ya usiku wa tisa

Siku ya kumi huitwa Vijayadashami, siku ya ushindi, nayo huadhimishwa mchana. Miche ya nafaka huwa imechipuka, na katika familia nyingi urefu na ukijani wake husomwa kama dalili ya mwaka ujao. Wafanyabiashara huanza kuielekea Diwali, ambapo vitabu vipya vya hesabu hubarikiwa. Mwezi nao huendelea kukua hadi utimie, siku tano hivi baadaye, katika usiku uitwao Sharad Purnima. Usiku huo Wagujarati hucheza garba tena, na huweka nje maziwa yaliyotiwa mchele bapa ili yapigwe na mbalamwezi kabla ya kuliwa. Mashua za omena, usiku huohuo, huwa zimevutwa pwani, kwa kuwa mwezi ukijaa taa ya mvuvi haina nguvu mbele yake.